Dakika 15 mbele ya wakubwa wa hospitali: mpango wa idara nyingi unawasilishwaje?

Mkunga wa Usiku (Kisumu)

Hamjambo wenzangu. Naomba msaada wa wale mliowahi kukaa kwenye vikao vya usimamizi, maana vya wodini nimevizoea.

Mimi ni mkunga katika hospitali ya kaunti ndogo, si mbali sana na Kisumu mjini. Kikundi chetu cha uboreshaji kimekuwa kikiandaa mpango wa kupunguza akina mama wanaovuja damu nyingi baada ya kujifungua. Tumo wakunga wawili, afisa wa kliniki, mteknolojia wa maabara, mfamasia, afisa wa rekodi na, baada ya ubishi mwingi, dereva wa ambulensi. Huyo dereva ametufaa kuliko tulivyotarajia, kwa sababu yeye peke yake ndiye huandika saa ya kila jambo.

Tatizo liko hivi. Damu tunaikadiria kwa macho. Shuka likilowa, huyu anasema mililita 300, mwenzake anasema 600, na wote wamesoma. Tukija kukubaliana kwamba sasa ni hatari, mama ameshapoa mikono. Hapo ndipo mbio zinapoanza. Oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, iko kwenye friji ya famasia kwa sababu wodi ya uzazi haina friji (nayo tunaiomba), na famasia hufungwa jioni. Ufunguo uko kwa mlinzi au kwa msimamizi wa zamu, inategemea siku. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, iko kabatini katika chumba cha upasuaji. Maabara usiku ina mtu mmoja anayeitwa kutoka nyumbani. Damu ikikosekana tunaitafuta Kisumu, na mvua ikishika uwanda wa Kano mnajua barabara inavyokuwa.

Mpango wenyewe tumeuegemeza kwenye utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 katika jarida la New England Journal of Medicine. Hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini zilishiriki. Mama analazwa juu ya shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za mililita, damu inaonekana ilivyo, na ikifika kiwango cha hatari matibabu yote yanatolewa kwa mkupuo mmoja ndani ya dakika 15: kukanda tumbo la uzazi, oksitosini, traneksamiki, dripu, kumchunguza mama na kuita msaada. Katika hospitali zilizofanya hivyo, akina mama waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 1.6, katika zilizoendelea na desturi zao walikuwa asilimia 4.3.

Kamati ya usimamizi imetupa dakika 15, na tumeambiwa watu wa afya wa kaunti nao watakuwepo. Tuna slaidi zaidi ya 30, kwa sababu kila idara inataka zake. Afisa wa kliniki ana slaidi saba za jinsi damu inavyoganda. Mwaka jana idara nyingine ilipeleka mpango mzuri tu, ukapigiwa makofi, ukaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao, ukalala huko hadi leo. Nisaidieni wetu usiende njia hiyo. Nianze na nini? Nani azungumze?

---

Nimechoka, Siaya

Anza na soda na mandazi. Kisha uwaambie mfadhili amekubali kulipa. Kama hakuna mfadhili, anza tena na soda.

(Natania, Sista. Nusu.)

---

Mzee wa Mafaili (Kakamega)

Sista, pole na zamu. Mimi nimestaafu. Nilikuwa afisa wa utawala wa hospitali huku magharibi kwa miaka mingi, yule mzee anayekaa pembeni ya mkuu akitazama saa. Mipango kama wenu nimeiona ikiingia mlangoni mingi sana, kwa hiyo nitakueleza tuliyokuwa tukiwaza sisi tuliokaa.

Mkuu wa hospitali haji kwenye kikao kujifunza mambo ya kuvuja damu. Kama ni daktari, anayajua. Anachotafuta ni mawili tu: mnataka nikubali nini, na nikikubali ni nani atakayekasirika. La kwanza mtalijibu kwa maandishi. La pili hamtaliandika popote, lakini lazima muwe mmelijibu kabla hamjaingia chumbani.

Mpango wa idara moja ni mwepesi. Metroni, mkuu wa wauguzi, anataka mapazia, apewe au anyimwe. Wenu unagusa ufunguo wa famasia, kabati la chumba cha upasuaji, zamu ya maabara na gari. Mkuu atakuwa anawasikiliza huku akihesabu wakuu wa idara watakaokuja kulalamika ofisini kwake kesho asubuhi. Akimwona mmoja tu amekunja uso mezani, atasema jambo hili zuri lipelekwe kwenye kamati ndogo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za kamati ndogo, najua huwa zinakutana mara ngapi.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni ya wiki kabla ya kikao. Anza na metroni. Ukimruka metroni, hata gavana hatakusaidia. Baada yake nenda kwa mkuu wa famasia, peke yako, ofisini kwake, asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Angalia: mfamasia mliye naye kikundini siye mkuu wa famasia. Watu wengi huona jina la idara kwenye orodha ya kikundi wakadhani idara imekubali. Usimwambie mnataka dawa zake zihamie wodini. Muulize hivi: dawa za dharura zikikaa wodini usiku, ungetaka zihesabiwe vipi ili zisikupotee? Atakupa masharti: kufuli la plastiki lenye namba, daftari, kuhesabu kila mabadiliko ya zamu. Yaandike jinsi alivyoyasema. Siku ya kikao mkuu atamgeukia, naye atayaeleza mwenyewe, na atayaeleza vizuri kwa sababu ni yake. Fanya vivyo hivyo kwa maabara, kwa chumba cha upasuaji, kwa uchukuzi.

Sasa dakika zenyewe. Dakika 15 za kikao ni dakika tisa. Kuna sala, kuna salamu za watu wa kaunti, kuna simu ambayo mkuu hawezi kuacha kuipokea. Msipange kuzungumza zaidi ya dakika saba. Projekta msiitegemee, stima itapotea, au waya wenu hautaingia kwenye mashine yao. Chapisheni ukurasa mmoja, nakala za kila mtu na mbili za ziada.

Na juu kabisa ya ukurasa huo, kabla ya jina la kikundi, kabla ya utangulizi, andikeni mnachoomba. "Tunaomba kamati iidhinishe leo mambo haya." Nimeona mawasilisho ambapo ombi lilikuwa slaidi ya mwisho, na mwisho haukufikiwa. Watu wakatoka wakisema wamejifunza mengi.

Chini ya ombi wekeni saa. Nieleze hapa kidogo, kwa sababu naona hii ndiyo roho ya jambo lenu na wewe mwenyewe umeitaja ukapita, pale uliposema dereva huandika saa. Chukueni mama mmoja, bila jina, bila tarehe, ambaye alinusurika. Someni faili lake, daftari la uzazi, kitabu cha simu cha lango, kitabu cha gari. Halafu andikeni mstari mmoja wa usiku ule. Saa nane na dakika kadhaa mtoto kazaliwa. Saa ngapi mkunga alisema damu ni nyingi. Saa ngapi mtu alitumwa kutafuta ufunguo, saa ngapi ukapatikana. Saa ngapi dawa iliingia mwilini. Saa ngapi maabara ilipigiwa, saa ngapi aliyeitwa alifika, saa ngapi gari liliondoka.

Mkimaliza mtaona kitu ambacho slaidi 30 hazionyeshi. Mkunga alifanya kazi yake. Mfamasia alifanya yake. Mtu wa maabara alipofika alipima haraka. Dakika zilizopotea hazimo ndani ya idara yoyote. Zimo katikati ya idara na idara. Katikati hapo hakuna mkuu. Metroni hana amri juu ya ufunguo wa famasia, na mfamasia hana amri juu ya mlinzi. Mwenye amri juu ya katikati ni yule mnayeenda kuzungumza naye, na ndiyo sababu pekee ya kumwendea. Mwambieni hivyo. Atakuwa ameingia akidhani mmekuja kuomba friji, na sasa anaona mmekuja kumwonyesha sehemu ya hospitali ambayo ni yake peke yake.

Wekeni saa, msiweke majina. Jina moja likitokea, kikao kizima kitakuwa cha kumtetea au kumshtaki mwenye jina.

Huo utafiti wa hospitali 80 upeni sentensi moja, na sentensi hiyo iseme kwamba Kenya ilikuwemo. Lazima atatokea wa kuuliza kama haya si mambo ya Ulaya. Slaidi saba za kuganda damu mpelekeeni mwalimu wa chuo cha matabibu, atafurahi.

Halafu friji. Friji ndiyo itakayowakwamisha, na nitasema kwa nini. Ni kifaa cha kudumu: kuna maombi ya ununuzi, kuna bei tatu, kuna mtu wa kuuliza stima ikipotea itakuwaje. Mkiifunga friji pamoja na mengine kwenye ombi moja, yote yatasubiri friji. Tenganisheni. Ombeni kwanza yasiyohitaji shilingi: kisanduku cha dharura kikae wodini, ufunguo uwe na mahali pamoja panapojulikana, namba moja ya simu ya kuita watu wote usiku, mazoezi ya dharura mara moja kwa mwezi, na, hili msilisahau, wakunga mtakaowafunza wasihamishwe wodi kwa miezi sita. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote na halina bei. Nimeona miradi mizuri ikifa kwa sababu mzunguko wa wauguzi uliwapeleka waliofunzwa wodi ya wanaume mwezi uliofuata.

Yakikubaliwa hayo, mna mradi. Friji itakuja ikikuta kazi inaendelea.

---

Vidonge vya Busia

Namuunga mkono Mzee, na naongeza mawili kama mfamasia.

Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8, hapo hakuna mjadala. Ila kabla ya kuomba friji mpya, tembea hadi kliniki ya mama na mtoto uone friji ya chanjo. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF wamekwisha kukubali oksitosini ikae kwenye mnyororo baridi wa chanjo, mradi itengwe na iandikwe waziwazi isije ikachanganywa na chanjo. Mkuu akijua mmeshaangalia vilivyopo ndipo mkaomba, atawasikiliza kwa sikio jingine. Bila shaka nayo ina mlango na ufunguo, kwa hiyo tatizo la usiku bado ni lenu.

Traneksamiki haihitaji friji. Haina sababu yoyote ya kulala katika chumba cha upasuaji ila mazoea. Inafaa ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe, na kila dakika 15 za kuchelewa hula karibu asilimia 10 ya faida yake. Sentensi hiyo iweke karibu na ule mstari wa saa. Mtu yeyote mezani ataweza kupiga hesabu mwenyewe.

---

Mkunga wa Usiku (Kisumu)

Asanteni sana. Mzee, shikamoo. Nimesoma maneno yako nikiwa kwenye matatu pale Kondele, nikapitiliza kituo changu.

Jana tulikaa na dereva na afisa wa rekodi tukaandika ule mstari wa saa. Sitaweka hapa dakika zenyewe, lakini mtu wa maabara aliyekuwa akinuna tangu mwanzo aliutazama, akasema, "Kumbe nilipigiwa simu wakati huo?" Tangu hapo hajanuna.

Nina mambo mawili bado. Afisa wa rekodi ana hofu. Anasema tukianza kupima kwa mfuko badala ya macho, idadi ya wanaovuja damu itapanda kwenye ripoti za mwezi, halafu kaunti itauliza kwa nini hospitali yetu imeharibika. Naona ana haki. Kwenye E-MOTIVE hospitali zenye mifuko ziligundua asilimia 93 ya visa, na zile nyingine 51. Visa havikuongezeka, vilikuwa vikipita bila kuonekana.

La pili, mjumbe mmoja wa kamati ametutumia ujumbe kwamba tusitaje vifo mbele ya watu wa kaunti. Mnasemaje?

---

Hadubini ya Nakuru

Dada, mimi ni wa maabara, niko Nakuru. Huyo mwenzangu aliyenuna namwelewa kabisa, kwa hiyo nimsemee kidogo.

Kila mpango wa uzazi unapokuja, maabara huandikiwa "damu ipatikane ndani ya dakika 30". Nani aliandika hiyo 30? Si sisi. Kituo cha damu cha kanda hutoa kulingana na ilichokusanya, na shule zikifungwa makusanyo hushuka, kwa sababu wanafunzi wa sekondari ndio wachangiaji wetu wakubwa. Mkiahidi damu mbele ya wakubwa, mmeahidi kitu ambacho hospitali yenu haikitengenezi, na usiku ikikosekana atakayeitwa kueleza ni mtu wa maabara.

Andikeni mnachoweza kukishika. Kila mama mwenye dalili za hatari apimwe kundi la damu anapoingia, si anapovuja. Chupa ngapi za damu ya kundi O hasi, ile ya kutumia kwa dharura kabla kundi la mama halijajulikana, zisishuke chini ya hapo bila mkuu kujulishwa asubuhi. Nani anapiga simu kituo cha Kisumu, na akipiga anamwambia nani hapo hospitalini kwenu. Na muombe maabara itajwe kama mwenye sauti ya kusema "leo hatuna", mapema, ili gari liandaliwe badala ya kungoja. Neno hilo likisemwa saa mbili usiku linaokoa. Saa tisa usiku ni lawama tu.

---

Bwana Hesabu (Bungoma)

Naona wote mnaongea dawa. Mimi niongee pesa, kwa sababu mhasibu wenu atakuwa mezani, na akisema hakuna kifungu cha bajeti kikao kimekwisha.

Tangu sheria ya fedha za uboreshaji wa vituo vya afya ya 2023, hospitali ya umma inabaki na fedha inazokusanya badala ya kuzipeleka kwenye hazina ya kaunti zikapotee huko. Lakini kubaki nazo si kuzitumia upendavyo. Zinatumika kwa mpango wa kazi na bajeti iliyoidhinishwa. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mhasibu, na umwendee kabla ya kikao kama Mzee alivyosema, ni hili: katika mpango wa kazi wa mwaka huu kuna mstari gani wa vifaa vya uzazi ambao mifuko inaweza kuingia? Mara nyingi upo. Mifuko ni matumizi ya kawaida, kama glavu. Friji haiko hivyo.

Vya kudumu vina majira yake. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Makadirio ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na karatasi ya mkakati wa fedha 28 Februari. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa kuwasilishwa kufikia 1 Septemba. Ukiomba friji mwezi Mei unawaombea watu wa mwaka kesho kutwa. Angalia kalenda kabla ya kuomba, na kama umepitwa, omba iandikwe kwenye mpango ujao na upate jina la atakayeiandika.

Jambo jingine. Usije na jumla. Jumla kubwa inatisha, ndogo inadharauliwa. Njoo na gharama kwa kila mama anayejifungua: bei ya mfuko, dawa, dripu. Zidisha kwa idadi ya waliojifungua kwenye daftari la uzazi, MOH 333, mwaka uliopita. Pembeni weka gharama ya mama mmoja aliyevuja damu nyingi: chupa za damu, upasuaji, siku za wodini, mafuta ya gari hadi hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Kisumu, na kurudi. Hizo namba zote zimo hospitalini kwenu, hakuna haja ya kuazima za mtu. Na ziwe za kweli. Mhasibu akikamata moja iliyopambwa, hataamini hata ile ya mililita.

---

Mzee wa Mafaili (Kakamega)

Marahaba, binti yangu. Bwana Hesabu amesema kweli, ingawa mwaka kesho kutwa ni matusi.

Hofu ya afisa wa rekodi ndiyo hoja bora niliyoisoma hapa. Mpandisheni cheo. Iandikeni kwenye ukurasa wenu, waziwazi: "Miezi ya kwanza idadi ya visa itapanda, kwa sababu tutaanza kuviona." Mkiisema kabla, ni utabiri. Mkiieleza baada ya kuulizwa, ni kisingizio. Na nimesoma kwamba mwongozo mpya wa WHO wa Oktoba 2025 unataka hatua zianze hata damu ikiwa mililita 300, kama mapigo ya moyo au presha vimebadilika, badala ya kungoja 500. Mkiufuata huo, mtaona mapema zaidi na wengi zaidi. Mwambieni na mtu wa kaunti anayepokea ripoti, mkimtazama usoni.

Chagueni basi vipimo ambavyo kupanda kwake hakutawafunga. Wangapi kati ya waliojifungua walitumia mfuko. Dakika ngapi tangu damu kufika kiwango hadi dawa kuingia. Wangapi walipita mililita 1,000. Hiki cha mwisho ndicho kinachotakiwa kushuka. Chora mstari mmoja wa kila wiki kwenye karatasi ya ukutani wodini, kwa kalamu, mkuu akipita auone. Mkuu wangu mmoja alikuwa hasomi ripoti yoyote lakini karatasi za ukutani alizisoma zote, hata za matangazo ya harusi.

Vifo: huyo mjumbe hakukosea sana. Hospitali ndogo ina vifo vichache mno kwa mwaka, mshukuruni Mungu, kuweza kuonyesha kama mpango unafanya kazi. Ukiviweka kwenye mchoro, kimoja tu kitaonekana kama janga na mwaka usio nacho utaonekana kama ushindi. Kamati ya mapitio ya vifo vya uzazi ipo kwa kazi hiyo, na huko watu huzungumza bila kutafuta wa kumfunga. Hapa tumieni yule mama aliyenusurika. Lakini mtu akiuliza, jibuni namba bila kupepesa. Kuficha ni kubaya kuliko namba yenyewe.

Nani azungumze? Si mwenye cheo kikubwa. Afisa wa kliniki atataka, na atarudi kwenye kuganda kwa damu. Zungumza wewe ombi na saa, kwa sababu ulikuwepo usiku. Mtu wa rekodi aseme vipimo. Basi. Wengine wakae mezani wajibu wakiulizwa, kila mmoja kwa sehemu yake. Dereva naye aingie. Wakimwona dereva ameketi na kitabu chake cha gari, hawatauliza kama idara zimeshirikishwa.

Na msitoke bila majina. Kabla mwenyekiti hajafunga jambo lenu, uliza kwa heshima: nani atasaini barua ya kuhamisha dawa, na lini? Katibu aandike ukiwa unamwona anaandika.

---

Mama wa Bodi (Vihiga)

Mimi si mtu wa hospitali. Ni mwakilishi wa jamii kwenye bodi ya hospitali huku Vihiga, nauza nguo Luanda siku ya soko. Nimesoma yote hadi mwisho na sijamwona mume wa huyo mama, wala mama mkwe aliyekaa kwenye benchi nje.

Usiku ule mtu alitoka akamwambia nini? Kwetu hapa familia huambiwa "tafuteni watu wa kutoa damu" saa tisa usiku, bila maelezo, na kesho yake kijiji kizima kinasema hospitali inauza damu. Mkipanga nani anaita maabara, pangeni pia nani anatoka nje kuzungumza na jamaa, na anasema nini. Nasi wa bodi mtupe nakala ya ule ukurasa mapema. Watu wa kaunti huwa wananyamaza kidogo bodi ikiuliza swali, kwa sababu hawawezi kutuhamisha.

---

Mkunga wa Usiku (Kisumu)

Mama, asante. Hilo la jamaa nje halikuwemo kabisa, na nimeshamwomba mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo letu aje kikundini tulijadili.

Hali ilivyo: ukurasa ni mmoja, ombi liko juu, friji imeshushwa chini peke yake. Metroni amekubali miezi sita bila kuhamisha wakunga, ila amesema apewe majina mapema na yasizidi wanane. Mkuu wa famasia ametoa masharti matano, moja ni kwamba daftari liwe la jalada gumu. Mhasibu bado ananikimbia. Nikienda yuko benki.

Afisa wa kliniki amekubali kuacha slaidi zake kwa sharti kwamba akiulizwa kuhusu traneksamiki aruhusiwe kusimama. Mzee, je, nimruhusu asimame au ajibu akiwa ameketi? Akisimama namjua.

---

Mzee wa Mafaili (Kakamega)

Ajibu akiwa ameketi. Na mhasibu mtafute saa nne, akiwa anakunywa chai. Benki haziko ndani ya kantini.